Modeli yangu ya hewa ukaa ilipata karibu mia kwa mia, kumbe ilijifunza kuzidisha tu

Projekti yangu ya mastazi ilikuwa kutabiri hewa ukaa ya kila jimbo la Marekani. Watu wananiuliza kwa nini Marekani wakati niko Dar, jibu ni data tu ndugu zangu, EIA, ile idara yao ya takwimu za nishati, wana namba za kila jimbo kuanzia 1970, unadaunlodi bure unaanza kazi.

Basi nikachukua matumizi ya makaa ya mawe, mafuta na gesi asilia, nikaongeza idadi ya watu na pato la jimbo, nikamwaga vyote kwenye random foresti, ile modeli ya miti mingi inayotoa jibu la pamoja. Ikapatia karibu mia kwa mia. Dah! Usiku uleule nikapiga skrinishoti nikairusha kwenye grupu.

Msimamizi wangu hata hakutabasamu. "Hizi tani za hewa ukaa nani kazipima?"

"EIA, dokta."

"Wamepima au wamepiga hesabu?"

Hapo nikanywea. Maana hakuna anayefunga kipimo kwenye kila gari na kila jiko la Texas, wanachukua nishati iliyochomwa wanazidisha na kigezo chake, kila milioni moja ya BTU, kile kipimo chao cha nishati, makaa ya mawe yanatoa kama kilo 95 za hewa ukaa, gesi asilia kama 53. Kwa hiyo mimi nilishaipa modeli makaa na gesi ya mwaka uleule, ikabaki kugundua 95 na 53 basi. Na kibaya zaidi, ukitaka kutabiri mwaka kesho hayo matumizi yenyewe huna!

Nikafumua yote. Nikabakiza namba za miaka iliyopita tu, na nikaacha kuchanganya miaka kama karata, kwa sababu mwanzo Ohio ya 2010 na 2012 zilikuwa kwenye mafunzo halafu naulizia 2011, hiyo si kutabiri. Nikakata, hadi 2014 ni kufundisha, 2015 mpaka 2019 ni mtihani.

Matokeo yakaporomoka. Modeli ilishindwa na mtu anayesema tu "mwaka huu utakuwa kama mwaka jana", nikalala vibaya siku mbili. Shida nyingine ilikuwa Texas, iko juu peke yake kuliko majimbo yote, na miti haiwezi kutoa namba kubwa kuliko ilizofundishwa, kwa hiyo ikipanda kupita rekodi yake modeli inagota pale pale. Kilichonitoa ni kuacha kutabiri tani zenyewe nikatabiri asilimia ya kupanda au kushuka, nikaweka na baridi ya mwaka uliopita. Nikampita yule mtu wa "kama mwaka jana", kidogo tu, ila nimempita kihalali.

2020 ikabaki nje kabisa, corona imefungia watu ndani na hakuna safu kwenye Excel yangu iliyojua. Nilitaka kuifuta kwenye chati. Dokta akasema iache, ipake nyekundu.