John Caesar, mfungwa aliyekuwa na njaa

Nilipokuwa bweni kulikuwa na jamaa mmoja mrefu, ana mabega mapana balaa, na jikoni alikuwa anapimiwa ugali uleule tunaopimiwa sisi wembamba, na upawa mmoja wa maharage basi. Usiku akawa anatoroka kwenda kukwangua ukoko kwenye masufuria, wakamdaka, akachapwa paredi mbele ya shule nzima, akaitwa mwizi mpaka tunamaliza. Wiki hii nimemkumbuka sana kwa sababu nimekuwa nasoma habari za John Caesar.

Caesar alikuwa mtu mweusi, inasemekana kwao ni Madagascar, hapo tu ng'ambo ya maji yetu, na alikuwa mtumishi kule Deptford karibu na London. Machi 1786 mahakama ya Maidstone ikamhukumu kwa kuiba pauni 12 na shilingi 4, adhabu yake kupelekwa ng'ambo miaka 7. Jela za Uingereza zilikuwa zimefurika na Marekani walishajitawala hawapokei tena wafungwa wao, ndo wakaamua kuwatupa Australia. Meli 11 zikang'oa nanga Portsmouth Mei 1787, Caesar yuko kwenye Alexander, wakapitia Tenerife, Rio de Janeiro na Cape Town, miezi minane majini, wakashuka Januari 1788.

Kule posho ilikuwa ya kupimiwa kwa wiki, kama kilo 3 za unga, kilo 3 za nyama ya chumvi, njegere na siagi kidogo, halafu ikaanza kupunguzwa maana meli za chakula zilichelewa na mashamba hayakutoa kitu. David Collins, aliyekuwa mkuu wa mambo ya sheria pale, aliandika kwamba Caesar alisifika kuliko wafungwa wote kwa kuchapa kazi na kwamba posho ya siku mbili aliweza kuimaliza kwa siku moja, na hapohapo akamfananisha akili na mnyama. Nikifika hapo roho inaniuma. Unamfanyisha mtu kazi kuliko wote, unaona kabisa hashibi, halafu unashangaa anaiba chakula!

Aprili 1789 akahukumiwa tena kwa wizi, safari hii maisha. Wiki mbili baadaye akaingia porini na chungu cha chuma na bunduki ya askari, ndo maana wengi wanamtaja kama mtoro wa kwanza wa porini kule Australia. Juni wakamkamata, gavana Phillip akamtupa Garden Island akiwa na pingu lakini akaruhusu aongezewe mboga. Desemba akaiba mtumbwi akatoroka tena, mwisho wa Januari akarudi mwenyewe ana majeraha ya mikuki ya wenyeji, na siwalaumu, ardhi ilikuwa yao.

Machi 1790 wakampeleka kisiwa cha Norfolk, na hapa ndo mimi huwa natulia kidogo. Alipewa sehemu ya kulima Queenborough, akapewa nguruwe, 1792 akapewa eka moja na akatakiwa kufanya kazi ya serikali siku 3 tu kwa wiki. Akawa na mwanamke, Anne Power, wakazaa binti, Mary Ann, Machi 4, 1792. Mtu ana shamba, ana mfugo, ana mtoto.

Ila 1793 wakamrudisha Sydney, mama na mtoto wakabaki kisiwani. Akatoroka 1794, akakamatwa akachapwa vibaya sana, akawaambia hayo yote hayatambadilisha. Desemba 1795 akatoroka mara ya mwisho. Gavana Hunter akatangaza zawadi ya galoni 5 za pombe kali kwa atakayemleta, na Februari 15, 1796 John Wimbow akampiga risasi sehemu inaitwa Liberty Plains, akafa.

Mary Ann alikuwa hajafikisha miaka minne.