Kumbukumbu ya gati, Wanseko: chupa imefunguka mita tatu chini

Imefunguka chupa yangu ya kuchotea maji ya chini, ile ninayoishusha ikiwa imezibwa kisha nang'oa kizibo kwa uzi. Jumanne ya wiki iliyopita, saa kumi na mbili kasorobo asubuhi, kizibo kimetoka pale nilipotaka kitoke na mapovu yakapanda kama ya sufuria ya uji. Nikavuta chupa juu, nikatumbukiza kalamu ya kupimia madini yaliyoyeyuka majini: 290. Maji ya juu, niliyoyachota kwa kopo dakika moja kabla, yalikuwa 108. Sikuamini, nikapima tena: 288. Nikacheka peke yangu hadi kijana wa chapati akauliza, "Fundi, umekamata nini?" Nikamwambia nimekamata maji. Akaondoka akitikisa kichwa.

Miezi miwili na nusu imeishia kwenye kizibo, basi naandika kabla furaha haijapoa.

Aliyesoma kurasa za nyuma anajua nilichokuwa nakitafuta. Wanseko, hapa Uganda, iko kwenye pembe ambapo Nile, ikitoka maporomoko ya Murchison, inamwaga maji yake Ziwa Albert, na kilomita chache mbele inatoka tena kwenda Pakwach kana kwamba ilipita kusalimia tu. Maji ya mto yametoka Victoria na Kyoga, ni mepesi. Ya ziwa yana madini mengi yaliyoyeyuka ndani yake. Kwa kalamu ya wauza vichujio vya maji, mto unasoma mia moja na ushei, ziwa katikati mia tatu arobaini hivi (nilimpa kalamu mwenye boti akanipimia). Delta hii haina bahari, lakini ina mdomo wenye maji ya aina mbili. Nami nilitaka kujua kila asubuhi ni maji yapi yamesimama chini ya gati, maana niliamini ngasa, wale samaki wawindaji wenye meno makali, wanafuata yale ya ziwa.

Tatizo: tangu Aprili kalamu inasema 105, 110, 108. Kila siku. Ngasa wakija, 108. Wakitoweka wiki nzima, 108. Nikabadilisha betri. Nikaijaribu kwenye maji ya mvua ikashuka karibu na sifuri, nikatia chumvi kidogo ikapaa. Kalamu haikuwa na kosa.

Kosa lilikuwa langu, na limetoka Tanga. Mtu aliyekulia pwani akiona maji na samaki anaangalia mwezi. Nimejaza daftari mwezi mpevu, mwezi mwandamo, nikitafuta bamvua mahali ambapo hakuna kupwa wala kujaa. Na kibaya zaidi, mwezi ulikuwa unanipa jibu la nusu! Usiku wa giza samaki walikuja zaidi. Sababu haikuwa maji. Ni taa. Giza likiingia, boti za muziri na ragoge zinawasha taa, dagaa hao wanakusanyika, na ngasa anafuata chakula chake. Mwezi ukiwaka, taa hazina kazi na boti nyingi zinalala. Ndiyo hesabu iliyonizungusha mwezi mzima wa Mei.

Kilichonizindua ni Pangani. Mjomba wangu alikuwa akitupa nanga mdomoni mwa mto ule, mshipi mmoja ndoana mbili, moja juu moja chini. Ya chini inaleta samaki wa bahari wakati maji ya juu unaweza kusukutulia. Bahari inaingia mtoni kwa chini, kama mtu anayejipenyeza chini ya shuka. Nikajiuliza: kama maji ya ziwa hili ni mazito kidogo kuliko ya mto, kwa nini nachota juu?

Hapo ndipo chupa ilipoanza.

Ya kwanza ilikuwa ya plastiki na jiwe. Isimuliwe. Ya pili, chupa ya soda ya kioo, mililita 300. Nilidhani kioo kitazama chenyewe. Wapi! Chupa tupu iliyozibwa inaelea vizuri tu, na ukiifunga chubwi moja, kile kizito cha mshipi, inazama kwa aibu, mkondo unaibeba upande hadi mita zako tatu zinakuwa mita moja na nusu za mshazari. Nikaongeza chubwi ya pili, nikaongeza plagi mbili za pikipiki. Mwisho kazi yangu ikanisaidia: nafanya friji na mashine za barafu, na kwenye boksi la vyuma chakavu palikuwa na kipande cha shafti ya kompresa kilichokatika. Nimekifunga kitakoni mwa chupa kwa mpira wa tairi. Sasa inashuka wima kama ndoo kisimani.

Kisha kizibo. Cha gome kilifura maji, kikakwama. Cha gunzi la mahindi kilivuja njiani, nikawa napandisha mchanganyiko wa juu na chini, namba 150 leo, 190 kesho, upuuzi mtupu. Nikakata ndara ya zamani, nikaisugua kwa msasa iwe na umbo la pia ya kuchezea. Hiyo inaziba vizuri sana, vizuri kupita kiasi: juu ya maji naing'oa kwa vidole viwili, mita tatu chini haing'oki, nikikazana uzi unakatika. Siku nne nikidhani uzi ni dhaifu. Usiku mmoja nimelala nikakumbuka kazi yangu mwenyewe. Mgandamizo! Maji ya kule chini yanakisukuma kizibo ndani, na ndani ya chupa kuna hewa tu ya kukipinga. Nikapunguza kizibo hadi kiingie shingoni kwa nusu kidole tu, nikakipaka mafuta ya kujipaka kiasi cha punje ya mchele. Mwisho nikatenganisha mishipi miwili: wa chupa unashuka kwenye rili upande wa mkondo, wa kizibo naushika kwa mkono kutoka nguzo ya pili, umelegea. Ukiwa karibu na mwenzake wanasukana kama nywele. Mtekenyo mmoja mkavu, kisha subiri mapovu. Mapovu yakikoma, chupa imejaa.

Kwa kuwa nimeshataja rili: ile ya bei rahisi niliyoisema vibaya mwezi uliopita, naomba radhi kidogo tu. Breki yake bado ni ya kubahatisha, lakini kwa kushusha chupa inafaa sana. Mshipi wa kusukwa hapa siutaki tena, mbao za gati zinaukata kama sime, na ngasa akishaweka meno yake hakuna mshipi wowote unaopona bila kipande cha waya mbele. Na wenye kupenda ndoana za pembe tatu, njooni mzitumie siku mkeka wa gugu maji unapoteremka kutoka mtoni. Utavuna mboga. Mimea inayoelea si ya kuchezea: Aprili 2020 kisiwa kinachoelea kiliziba bwawa la Nalubaale kule Jinja, umeme ukazimika nchi nzima. Mwaka huohuo Ziwa Albert lilipanda likafunika mialo mingi, na gati hili bado lina mstari wa tope kavu kwenye nguzo, juu ya goti langu.

Turudi kwenye maji. Siku tisa nimepima juu na chini. Upepo wa kusini-magharibi ukipiga siku mbili mfululizo, namba ya chini inapanda: 240, 290, mara moja 325, na juu bado 110. Upepo ukitulia usiku mbili, mto unalisukuma ziwa nyuma na chini panasoma 112. Siku hizo za 112 sijapata ngasa hata mmoja, si juu si chini. Siku ya 290 nilishusha kipande cha ragoge mita mbili na nusu, badala ya nusu mita niliyoizoea, na kabla jua halijakaa sawa nilikuwa na ngasa wawili wenye ile mistari myeusi ubavuni na sangara wa kilo tatu hivi. Mshipi wa juu, chambo hichohicho, gati hilohilo: haukuguswa.

Ijumaa lakini imeniharibia. Chini 300, upepo mzuri, giza, taa za muziri zimejaa kama soko la usiku. Sikupata kitu. Saa mbili nimekaa, nimeona kiboko mmoja na boti ya watalii kutoka Paraa inayomtafuta yule korongo mwenye mdomo kama kiatu. Nimeiandika kwenye daftari kama ilivyo.

Mzee anayeshona nyavu karibu na gati amekuwa akinitazama muda wote huu. Shikamoo yangu bado inamchekesha, hapa hakuna anayemwamkia hivyo, lakini anaitikia. Nikamwonyesha chupa, nikamweleza ya juu na ya chini. Akasikiliza hadi mwisho kwa heshima zote, akasema, "Fundi, mke wangu anajua hayo kwa chai. Ya mto inatoka nyekundu, ya ziwa inatoka nyeusi." Nikamuuliza kwa nini hakuniambia tangu Aprili. "Hukuuliza chai. Uliuliza mwezi."

Nilipanga wiki hii nipake rangi alama za kila nusu mita kwenye mshipi, na nimalizie kile kishikio cha fimbo cha bomba nilichokiahidi. Sikufanya lolote. Jumamosi nilikuwa natengeneza friji ya duka la samaki, nimeshika kihisi cha joto chenye waya mrefu, kikanijia: kihisi kinashuka, kisomeo kinabaki mkononi. Na kalamu yangu ni nini? Ni pini mbili na kisanduku. Nikizichomea pini waya wa mita nne, napima chini bila chupa, bila kizibo, bila ndara. Nasoma kila nusu mita kwa dakika moja na naona mpaka wa maji ulipo hasa. Waya mrefu utaipotosha namba kidogo, najua, lakini nitaulinganisha na chupa kwanza.

Usiku wa Jumamosi nimeifungua kalamu. Pini zimeshika risasi vizuri, viungo nimevifunika kwa gundi ya moto. Imebaki kufunga kisanduku. Parafujo zilikuwa nne mezani, sasa ni tatu, na mke wangu ameshafagia.