Namba kwenye boksi na krauni mdomoni

Boksi za bloku za kuchongea krauni, yaani kofia za jino, huandikwa nguvu ya kuhimili kupinda, kwa kipimo cha megapaskali. Zirkonia: zaidi ya megapaskali 900. Lithiamu disiliketi: 360 na zaidi. Kauri ya feldspa: 100 hadi 150. Mtu akisoma hivyo huchagua namba kubwa, kumbe namba hizo hutokana na vipande vidogo vilivyong'arishwa na kuvunjwa kwa mkandamizo mmoja. Mdomoni mzigo hurudi kila mlo, na mate hupenya kwenye vinyufa vilivyoachwa na kichongeo cha almasi, yakiurefusha ufa kidogo kidogo.

Unene ndio unaosahaulika. Kauri ikipunguzwa unene kwa nusu, uwezo wake wa kuhimili kupinda hushuka hadi robo. Kwa krauni ya gego ya disiliketi, acha milimita 1.5 upande wa kutafunia. Zirkonia ya kawaida huvumilia chini ya hapo. Angalia, nimesema ya kawaida. Zile angavu zenye itria (oksidi ya itriamu) nyingi hupendeza zaidi, ila zimepoteza sehemu kubwa ya uwezo wa fuwele kubadilika umbo na kuubana ufa, kwa hiyo usizipunguze kwa kutegemea sifa za dada yao.

Gundi nayo ina masharti. Disiliketi: asidi ya haidrofloriki ya asilimia 5 kwa sekunde 20, suuza, kausha, paka sileni, kimiminika kinachounganisha kauri na gundi. Feldspa ni sekunde 60. Zirkonia haina kioo cha kuliwa na asidi hiyo. Ipige mchanga wa alumina wa mikroni 50 kwa shinikizo dogo, kisha paka praima (kipako kinachotangulia gundi) yenye MDP, molekuli ya fosfeti inayoshikana na zirkonia. Ikishaguswa na mate wakati wa kujaribishwa, usiisafishe kwa asidi ya fosforiki: fosfeti hushika nafasi ambazo MDP ingeshika. Wengi hukosea hapo, halafu lawama huangukia gundi.

Bloku za resini hunyumbulika, na kingo zake hazimeguki ovyo wakati wa kuchonga. Kwa vijazo vya ndani ya jino nazikubali. Kwa krauni nzima, hapana: mwaka 2015 kampuni ya 3M iliondoa matumizi ya krauni kwenye Lava Ultimate, bloku yake ya aina hiyo, kwa sababu zilikuwa zikibanduka.

Ukirekebisha mng'ato (jinsi meno yanavyokutana) baada ya kubandika, tumia almasi laini yenye maji, kisha ng'arisha kwa mpira hatua kwa hatua. Zirkonia iliyong'arishwa vizuri haili sana jino linalokutana nayo. Ikiachwa na mikwaruzo, italisaga.