Mwaka wa tatu atalipa nani? Kuchagua chuo cha udaktari ukiwa mtoto wa Kanda ya Ziwa

Wiki iliyopita binti wa mama mdogo alivuka na meli kutoka Nansio, Ukerewe, akafikia kwangu hapa Nyakato, Mwanza, ana begi dogo na simu, na kwenye simu kuna meseji za vyuo vitatu, vyote vimemchagua kusoma MD, digrii ya udaktari. Muhimbili ya Dar, Bugando ya hapa Mwanza na chuo kimoja binafsi huko huko Dar. Kwa utaratibu wa TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu, ukichaguliwa zaidi ya chuo kimoja lazima uthibitishe kimoja, unaingiza ile code wanayokutumia, vingine vinakuachia. Alikuwa amebakiwa na siku nne. Hajalala vizuri tangu matokeo ya awamu yatoke, unamuona kabisa machoni.

Usiku baba mdogo akapiga simu, "Mwanangu, sisi huku tumeongea tumeona bora Bugando, ni hapo hapo, atakuwa anakuja nyumbani, Dar ni mbali na maisha ghali. Ila wewe ndo umepita huko, tuambie." Nikamwambia baba mdogo nipe siku mbili nipige hesabu, nikakaa na mdogo wangu mezani na daftari na ndo hicho nataka niwaandikie, maana najua kuna nyumba nyingi sana kuanzia Sengerema mpaka Musoma sasaivi wanaongea haya haya.

Kwanza kuna kitu watu wengi hawakijui mpaka yawakute. Kwetu hapa chuo chenye jina kubwa sio chuo ghali. Muhimbili ndo pa kwanza kufundisha madaktari nchi hii, tangu 1963, na kwakuwa ni cha serikali ada yake haifiki hata nusu ya vyuo binafsi vingi vinavyotoa digrii ile ile. UDOM (Chuo Kikuu cha Dodoma) na kile cha UDSM (Chuo Kikuu cha Dar es Salaam) kule Mbeya navyo ni vya serikali. Bugando na KCMC ya Moshi ni vya makanisa, hospitali zote mbili zilifunguliwa 1971, vyuo vikaja baadae, KCMC 1997 na Bugando 2003, vina heshima kubwa na wanafundisha kweli kweli ila ada ni ya chuo binafsi. Kwahiyo mzazi wa Mwanza anapolinganisha gharama na jina anakuta mambo yamegeuka, jina kubwa ndo lenye ada ndogo ila liko mbali kilomita zaidi ya elfu moja, na kilicho karibu na nyumbani ndo chenye ada kubwa. Neno "karibu" tunalisikia kama bei rahisi. Sio lazima iwe hivyo.

Mimi mwenyewe nilisoma Bugando. Muhimbili sikuchaguliwa, nilikuwa na Bugando na chuo kingine binafsi Dar ambacho mjomba wangu alikuwa anakisifia sana kwakuwa watoto wa wakubwa wanasoma pale, na ukoo mzima ulitaka niende huko, walisema ukibaki Mwanza utaonekana umekosa. Baba yangu ni mwalimu, mshahara unaingia kila mwezi, akakaa na daftari kama hili nililokaa nalo juzi akasema kwa Dar ataweza mwaka mmoja na nusu, kwa Bugando nikiwa nalala nyumbani Mabatini nakula ugali wa nyumbani ataweza miaka yote mitano, ila kwa kubana. Akachagua mitano. Nililia. Leo namshukuru kila nikipita ile njia ya kupanda mlimani.

Maana nilimuona rafiki yangu. Tulisoma wote advance, PCB (fizikia, kemia na baiolojia), dawati moja, alikuwa ananizidi kemia mbali sana. Yeye alienda chuo binafsi, sikitaji na wala sio lazima ukijue. Mwaka wa kwanza ilikuwa sherehe, shangazi zake walichanga, kanisani walichanga, baba yake akauza ng'ombe sita, ada ikalipwa yote na koti jeupe likanunuliwa na stethoskopu juu. Mwaka wa pili baba yake akauza kiwanja. Mwaka wa tatu hakuna aliyechanga, sio kwamba watu wamekuwa wabaya, ila mchango wa harusi na msiba unakuja wenyewe, mchango wa mwaka wa tatu wa mtoto wa mtu hakuna anayeukumbuka. Mkopo aliupata asilimia ndogo. Siku ya mitihani akakuta jina lake halipo kwenye waliomaliza ada, akazuiwa kuingia, akaambiwa aahirishe mwaka, akaahirisha, ule mwaka ukawa miwili, sasaivi ana duka la dawa baridi anauza pale na anajua ugonjwa na dawa kuliko wengi wanaoandika vyeti. Hakuwahi kupata hata sapu moja, yaani mtihani wa kurudia. Hili linaniuma mpaka leo na siwezi kuliongea kwa utulivu.

Ndo maana swali langu kwa mdogo wangu halikuwa chuo gani kizuri. Nilimuuliza mwaka wa tatu atalipa nani?

Basi tukaanza kuandika. MD ni miaka mitano halafu mwaka mmoja wa intern, na wa intern angalau kuna posho. Ada ya kila chuo zidisha mara tano. Halafu vile vidogo vidogo ambavyo havipo kwenye mazungumzo ya sebuleni, ile 20,000 ya TCU kila mwaka, bima ya afya (enzi zangu NHIF ya mwanafunzi ilikuwa 50,400), kitambulisho, umoja wa wanafunzi, vifaa, mashine ya presha, field (mafunzo ya vitendo nje ya chuo). Halafu kula na kulala. Hapa bodi ya mikopo ndo inaingia, bumu la chakula na malazi siku hizi ni 10,000 kwa siku, zamani ilikuwa 8,500, na ukilipata lote, unaishi Dar bila kumpigia mzazi simu kila wiki, hasa ukipata chumba hosteli. Shida ni kwamba unathibitisha chuo kabla hujajua umepata mkopo kiasi gani, majina ya mkopo yanatoka ukiwa ushafunga mlango wa vyuo vingine. Sasa mtu anathibitisha kwa kuamini atapata asilimia mia, anakuja kupewa arobaini. Mi nikamwambia piga hesabu kama vile bodi watakupa kidogo sana, ukiona bado kinawezekana hicho ndo chuo chako. Alafu mkopo wa ada usiuchukulie kwamba utafunika ada yote ya chuo binafsi, mara nyingi kinachobaki juu kinamrudia mzazi. Na ni deni, ukiajiriwa wanakata asilimia 15 ya mshahara kila mwezi, kwahiyo deni dogo ni zawadi unajipa mwenyewe ukiwa na miaka ishirini na saba na una watu wanakutegemea.

Kwa wale wenye ufaulu wa juu kabisa wa sayansi kuna Samia Scholarship, ilianza 2022/23, fuatilia mapema. Mdogo wangu kafaulu vizuri ila hakufika huko.

Sasa jina la chuo. Sitaki kudanganya kwamba jina halina maana. Muhimbili una maprofesa waliobobea kila idara, una utafiti mkubwa, ukitaka baadae kusoma nje au kuingia kwenye miradi ya utafiti kule kuna milango mingi na watu unaosoma nao ndo watakuwa wakubwa wa wizara kesho. Hilo lipo. Ila kwenye kazi ya kawaida ya daktari, mtihani wa Baraza la Madaktari Tanganyika ni ule ule kwa wote, leseni ni ile ile, na serikali ikikuajiri ngazi ya mshahara ni ile ile umetoka Moshi, Ifakara au Dar. Mgonjwa wa Misungwi hajawahi kuniuliza nimesoma wapi. Ananiuliza kama atapona.

Na kuna kitu Bugando kilinipa ambacho nadhani nisingekipata kwingine kwa kiasi kile. Ni hospitali ya rufaa ya kanda nzima, wanakuja kutoka Mara, Kagera, Geita, Simiyu, Shinyanga. Selimundu, ule ugonjwa wa damu wa kurithi, kwetu iko juu sana, watoto wanaletwa wamepauka kama karatasi. Kichocho cha tumbo hiki cha watu wa ziwani, mtu mzima mvuvi analetwa anatapika damu beseni zima, na wewe mwanafunzi wa mwaka wa nne unashika mkono wake unamuongelesha Kisukuma kwasababu ndugu zake wako getini na Kiswahili kinamshinda kwa maumivu. "Mwangaluka baba." Ule ugonjwa vitabuni una kurasa chache. Mi niliusoma kwa macho yangu wodini. Kwahiyo mtu anayeniambia Bugando ni ya waliokosa Muhimbili simuelewi.

Kuna mawakala pia mjini wanaopita kwa wazazi na vipeperushi vya vyuo vya nje. Siwalaumu wote, kuna waliosoma nje wakawa madaktari wazuri sana. Ila kabla hujalipa hata shilingi kaulize TCU na Baraza kama hicho chuo kinatambulika, na ukumbuke wenzetu waliokuwa Ukraine 2022 vita vilivyowakuta katikati ya masomo.

Turudi kwa baba mdogo. Yeye ni mvuvi wa dagaa na dagaa mnajua wanavuliwa gizani kwa taa, mbalamwezi ikitoka mitumbwi inakaa nchi kavu wiki nzima na zaidi, na huko nyumbani hela hakuna. Hela yake inafuata mwezi wa angani. Ada haifuati mwezi wowote, inataka tarehe yake. Baba yangu aliweza Bugando kwasababu mshahara wa mwalimu ni mdogo lakini unakuja, na mimi nilikuwa nalala nyumbani. Mdogo wangu hata akisoma Bugando halali Ukerewe, atapanga geto hapa mjini, au akae kwangu na mimi nimepanga vyumba viwili na watoto. Kwahiyo ule ukaribu ambao baba mdogo anauona hauokoi karibu chochote, anabaki na ada ya chuo binafsi pamoja na kodi ya geto. Tulipojumlisha miaka mitano kwa Muhimbili na nauli ya basi kwenda na kurudi mara mbili kwa mwaka, ikawa chini ya Bugando mbali sana, hata kwa kuweka mkopo mdogo. Kile cha tatu tulikifuta ukurasa wa kwanza tu.

Mimi mtoto wa Bugando nikajikuta nampigia baba mdogo kumwambia mpeleke Muhimbili.

Alikaa kimya muda mrefu mpaka nikadhani salio limeisha. Akauliza, "Atalala wapi?" Nikamueleza habari ya hosteli, na kwamba kuna dada mmoja tulisoma wote yuko Dar atampokea stendi Magufuli. Akauliza mama yake akiumwa itakuwaje, nikamwambia mimi nipo hapa, mama mdogo ni mama yangu pia. Akauliza tena hesabu, nikamsomea yote mstari kwa mstari, nikamsikia kwa nyuma anamwambia mama mdogo aandike. Mwishoni akasema giza linaanza Jumatatu, hela ya nauli na ya kuanzia atatuma wakishauza mzigo wa kwanza.

Code tuliingiza saa tano usiku, mtandao ulisumbua mara mbili. Ikakubali. Mdogo wangu akaenda kulala, na mimi nikabaki na lile daftari, nikalipiga picha kurasa zote nikamtumia rafiki yangu wa dukani, kwasababu mdogo wake naye yupo kidato cha sita PCB. Akajibu asubuhi, "Mwambie aje nimfundishe kemia bure."