Saa ya mzee wa Hombolo

Siku hizi kazi yangu ni betri na mikanda. Sokoni Majengo wananijua hivyo: "Dada wa saa, niwekee betri." Lenzi ya jichoni aliyoniachia baba hukaa miezi inakula vumbi la Dodoma.

Jumanne akaja mzee kutoka Hombolo, kitu amekifunga kwenye leso.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, binti yangu. Fundi yuko wapi?"

Nikamwambia ndiye mimi. Akachungulia nyuma yangu kwanza, kisha akafungua fundo.

Saa ya mfukoni, dhahabu ya karati 18. Mfuniko wa ndani umechongwa Kifaransa: Répétition à Minutes, yaani saa inayogonga hadi dakika. Mikono ikaanza kunitetemeka. Kumbe sonara mmoja alishaipima, akataja bei kwa gramu, na kuahidi kumrudishia "vyuma vya ndani". Vyuma! Hivyo vyuma ndiyo saa yenyewe. Dhahabu ni gamba tu.

Saa hii husema. Ubavuni ina kitelezi. Ukikisukuma unakaza springi ndogo ya pembeni, halafu nyundo mbili zinagonga nyaya mbili zilizozunguka mashine. Sauti nene ni saa, nene na nyembamba kwa pamoja ni robo, nyembamba peke yake ni dakika zilizozidi. Inajuaje idadi? Ndani kuna kibamba cha umbo la konokono chenye ngazi 12. Kijimkono kinakidondokea, na kadiri kinavyozama ndivyo mapigo yanavyoongezeka. Saa saba kasoro dakika moja inagonga mara 32. Subiri hiyo dakika ipite: pigo moja, basi.

Ni ufundi wa enzi za mishumaa, mtu ajue saa gizani bila kuwasha kitu. Mwaka 1687 Edward Barlow na Daniel Quare waligombea haki ya kutengeneza saa za kugonga robo mbele ya Mfalme James II wa Uingereza. Ya Barlow ilikuwa na vitufe viwili, ya Quare kimoja. Quare akashinda. Hata mimi ningempa.

Ya mzee ilikuwa bubu kwa sababu mafuta ya zamani yameganda kama gundi, na nyundo moja imenasa. Siku tatu nimeinama, feni nimezima kwa kuogopa vumbi.

Ijumaa, saa tisa na dakika 20 alasiri, nikasukuma kitelezi. Nene tatu. Robo moja. Nyembamba tano.

"Tatu?" mzee akashtuka. "Si saa tisa sasa hivi?"

Nami nilishtuka kidogo. Kwa macho tumezoea, mshale uko kwenye tatu na mtu anasoma tisa bila kufikiri. Kwa sikio ni kitu kingine. Nikamweleza kwamba hii inahesabu Kizungu, tangu usiku wa manane, na kuanza upya adhuhuri.

Akanyamaza. Macho yake yote mawili yana mtoto wa jicho. Ndiyo maana hakuiuza.

"Hiyo sita nitaongeza mwenyewe," akasema. "Hebu igonge tena."