Saa ya chuma na tyubu ya krimu

Saa ile niliipenda kupita kiasi. Ilikuwa na mkanda wa chuma, na kila nilipoivua jioni nilikuta vipele vyekundu pale kifungo kilipokuwa kikigusa ngozi. Nikasema ni jasho tu. Kufika wiki ya tatu, muwasho ulikuwa unaniamsha usiku.

Mfamasia aliutazama mkono, akaniuliza huwa navaa nini hapo, kisha akanipa tyubu ndogo ya krimu. Akasema mna dawa mbili humo: lidokaini ya kutia ganzi na haidrokotisoni ya kutuliza uvimbe. Nipake kidogo mara mbili kwa siku, nisifunge kitu juu yake, nisizidishe siku saba. Nikaitikia "sawa" huku kifuniko nimeshakifungua.

Usiku ule nilijipaka kama anayepaka siagi kwenye mkate. Haukupita muda, muwasho ukazimika. Aliyewashwa wiki tatu mfululizo atanielewa: nilikaa kitandani nikicheka peke yangu. Nikawaza, ikiwa kidogo kimefanya haya, kingi je? Nikaongeza tabaka la pili, nikauzungushia mkono mfuko wa nailoni nisichafue shuka. Kunawa mikono sikukumbuka. Sijui nilijipangusa mdomo saa ngapi, maana mdomo wa chini ulikuwa mzito kama nimetoka kung'olewa jino, na chai ikanichirizikia kidevuni.

Asubuhi shuka lilikuwa na damu. Nailoni ilikuwa sakafuni, na mkono umechubuka vibaya. Nilijikuna usingizini, na ngozi iliyokufa ganzi haikuwa na la kuiambia kucha.

Nikampigia dada yangu, ambaye ni muuguzi. Alinisikiliza mpaka mwisho, jambo lisilo la kawaida yake.

"Mdogo wangu, wewe hujapona. Umenyamazishwa tu."

Akanieleza kwamba lidokaini huzuia mishipa ya fahamu isipeleke habari kwenye ubongo, na ganzi yake haidumu. Anayefanya kazi yenyewe ni haidrokotisoni, naye huenda polepole, siku hata siku. Nailoni nayo huisukuma dawa iingie mwilini kwa wingi, sembuse kwenye ngozi iliyochubuka. Basi niiache krimu mpaka michubuko ifunge, nimwone daktari, na siku nikiruhusiwa kuirudia nipime kwa kidole: mstari mmoja kutoka ncha ya kidole cha shahada hadi pingili ya kwanza hutosha eneo la viganja viwili. Nilichojipaka mimi kingetosha mgongo.

"Na chuma cha kifungo hicho huenda kina nikeli," akasema. "Ndiyo inayokukataa. Saa umeivua, lakini?"

Nikakaa kimya. Nilikuwa nimeihamishia mkono wa pili.