Nilinunua urefu, kumbe nilihitaji kichwa

Mimi ni mama wa mayai. Nayachukua Limuru alfajiri na kuyashusha Umoja, Donholm na Kayole, na gari langu ni Toyota Probox, kama la kila mtu mwenye kazi ya aina hii. Sikuwahi kudhani siku moja nitasimama Kirinyaga Road, Nairobi, nikibishana na muuza vyuma kuhusu unene wa pini ya chuma cha kufungulia nati. Nati ya gurudumu ndiyo iliyonipeleka huko.

Ilikuwa Aprili, mvua inanyesha, saa moja jioni, nipo Outer Ring Road na trei arobaini ambazo hazijafika kwa wenyewe. Tairi la nyuma likaisha upepo. Kubadilisha tairi si ajabu kwangu, baba alinifundisha kabla hata hajaniruhusu kushika usukani. Nikavuta breki ya mkono, nikaweka jiwe mbele ya gurudumu, nikatoa ile spana fupi iliyokuja na gari kutoka Japani. Nati nne, hakuna hata moja iliyotikisika. Nikapanda juu ya spana kwa miguu yote miwili nimeshika paa la gari, kama kuku juu ya kamba ya nguo. Spana ikapinda, ikarudi. Mara ya tatu ikaponyoka na goti langu likakutana na lami.

Wiki mbili kabla ya hapo nilikuwa nimefungiwa tairi mpya mahali fulani, na kijana wa pale alikaza nati kwa bunduki ya upepo, ile mashine ya kukazia inayosukumwa na hewa. Aliiachilia ilie weee, huku anaongea na simu. Siku hiyo niliona ni bidii ya kazi.

Vijana wawili wa boda wakasimama. "Mathe, hii imekazwa na adui yako," mmoja akasema. Wakatafuta kipande cha paipu, wakakivisha kwenye mkono wa spana, wakaegemea wote wawili. Nati tatu zikalegea kwa makelele. Ya nne ikasema ta! na nikashangilia, kumbe stadi, ile bolti inayobeba nati, ndiyo imekatika. Nilifika nyumbani na gurudumu lililoshikwa na nati tatu, mwendo wa punda.

Kesho yake nikampelekea fundi wangu wa Kariobangi Light Industries gari aweke stadi nyingine. Alitaka pia kuangalia magurudumu ya mbele, ambayo yalikazwa na bunduki ileile. Akachukua chuma kirefu chenye kichwa kinachokunjika, akakivisha soketi, kile kikombe cha chuma kinachovaa nati, akaegemea kwa mkono mmoja huku anamalizia hadithi ya mechi ya jana. Nati ikatoka kwa sauti ndogo tu.

"Fundi, hiyo inaitwa nini?"

"Pawa baa, mama. Nunua yako uache kupanda magari."

Nikamuuliza kwa nini asitumie racheti, ule mkono wa soketi unaokwenda na kurudi bila kuutoa kwenye nati, maana ile naijua. Akanifungulia racheti iliyokufa aliyokuwa nayo kwenye sanduku. Ndani kuna gurudumu la meno madogo na kikucha kinachoyashika, na mzigo wote wa mwili wako unakaa juu ya meno machache tu kwa wakati mmoja. Pawa baa haina meno. Ni mkono, pini na kichwa cha mraba, basi. Kazi yake ni kuvunja ugumu wa kwanza. Nati ikishalegea unaiweka kando na kurudi kwa racheti au vidole.

Hapo nikadhani nimeelewa kila kitu. Nina kilo 58, nikapiga hesabu kwenye daftari la madeni. Spana ya gari ina mkono wa sentimita 25 hivi: nikiweka uzito wangu wote kwenye ncha, napata kama nyutoni-mita 140, hicho ni kipimo cha nguvu ya kuzungusha. Toyota wanataka nati ile ikazwe kwa 103, kwa hiyo ingekazwa inavyotakiwa, spana ile fupi ingenitosha bila kuumia goti. Bunduki ya upepo inapita kiwango hicho bila hata kuhema. Lakini mwili huohuo wangu kwenye mkono wa sentimita 60 unatoa kama 340. Kwa hiyo, nikajiambia, dawa ni urefu. Mwanamume mwenye mabega ana misuli, mimi nitakuwa na urefu.

Nikanunua urefu. Pawa baa yangu ya kwanza ilikuwa kando ya barabara, juu ya gunia, inang'aa kama kijiko cha harusi, shilingi 700 baada ya kubembelezana. Siku ya kwanza ilifungua nati mbili nikajisifu. Siku ya pili, uani kwetu, nilikuwa nimeegemea kwa mikono yote miwili mraba ukakatika na kubaki ndani ya soketi. Nilianguka kifudifudi. Vidole vitatu vilichubuka kwenye saruji, na jirani yangu akaniuliza kutoka ghorofani kama nasali.

Vipande nilimpelekea fundi. Hakucheka, namshukuru. Aliushika mraba ule karibu na dirisha akanionyesha mahali ulipokatikia. Chuma kilikuwa na chembechembe kubwa kama sukari, na kwenye kona moja kulikuwa na doa jeusi. "Hapa pakavu panapong'aa pamevunjika leo," akasema. "Hapa peusi palikuwa na ufa tangu zamani, labda tangu kiwandani." Ufa ulianzia kwenye kile kitobo cha kigololi kinachoshika soketi. Mkono wenyewe, ile sentimita sitini niliyoilipia, haukuwa hata na mkwaruzo.

Nilitumia siku nzima kulitafakari hilo. Nguvu yote ninayoikusanya kwa urefu inapita kwenye mraba wa nusu inchi, milimita 12.7 kila upande, tena uliotobolewa. Kadiri mkono unavyorefuka ndivyo ninavyomtesa huyo mdogo. Ndiyo maana fundi hapendi paipu juu ya pawa baa: ukiongeza sentimita thelathini, mimi mwembamba hivi nazidi nyutoni-mita 500, na chuma cha nusu inchi hakikununuliwa kwa kazi hiyo. Anayetaka zaidi ya hapo aende mraba wa robo tatu ya inchi, vyombo vya malori, na abebe uzito wake.

Basi safari ya pili nikaenda Kirinyaga Road, ambayo wazee bado wanaiita Grogan, na nikaenda asubuhi kabla watu hawajajaa. Niliacha kuuliza "ndefu ni ngapi?" Nikabeba soketi yangu mwenyewe mfukoni, na hiyo soketi ndiyo iliyonisaidia kuliko maneno yote ya wauzaji. Unaivisha kwenye mraba na kuizungusha kushoto kulia. Kwenye pawa baa ya kwanza ilicheza kama jino la mtoto wa darasa la kwanza. Mraba ulikuwa mdogo kuliko unavyopaswa na kona zake zimeviringika. Mzigo ukija unabebwa na ncha za kona tu. Nikairudisha mezani.

Ya pili ilikaa vizuri, lakini kichwa kilining'inia. Kichwa kizuri unakikunja na kinabaki pale ulipokiacha, hakidondoki chenyewe. Pia yale masikio mawili yanayoshika kichwa yalikuwa membamba, na pini ilikuwa imetokeza upande mmoja. Muuzaji akaniambia, "Madam, hiyo ni Cr-V, soma mwenyewe." Nikasoma. Cr-V ni chuma cha kromu na vanadi, na ni kweli vyombo vingi vizuri vya mkono ni vya chuma hicho. Ila ile ya gunia nayo iliandikwa hivyohivyo, kwa herufi kubwa zaidi. Mhuri haugharimu kitu.

Ya tatu haikung'aa sana. Kichwa kilikuwa cheusi na mkono tu ndio uliopakwa kromu. Muuzaji akasema kichwa ni Cr-Mo, chuma cha kromu na molibdeni, aina inayotumika kwa soketi za bunduki za upepo kwa sababu inavumilia mshtuko. Kama ni kweli sikuwa na mizani ya kupimia. Nilichoweza kupima nilikipima: mraba ulijaa soketi, masikio yalikuwa manene, pini imekaa sawa pande zote mbili, na nilipouviringisha mkono juu ya kioo cha kaunta haukuruka. Kilichoniamulia ni kwamba alikuwa na kichwa cha akiba na pini yake kwenye kikaratasi, kinauzwa peke yake. Mtu anayekuuzia kichwa cha akiba amekubali kwamba kichwa ndicho kinachochoka.

Alitaka 3,200. Tukaishia 2,600 na risiti iliyoandikwa kwamba nikiivunja ndani ya siku saba kwa mwili wangu, bila paipu, nitairudisha. Alinitazama toka juu hadi chini kabla ya kuandika. Nadhani aliona hana cha kupoteza.

Urefu? Sentimita 60. Ilikuwapo ya 75 na inaingia Probox bila shida, lakini hesabu ya daftari ilishanitosha.

Hapohapo nikanunua soketi ya milimita 21 ya pembe sita, nyeusi, ndefu kiasi. Ile niliyokuwa nayo ilikuwa ya pembe kumi na mbili, ambayo ni rahisi kuivisha lakini inashika nati kwenye kona, na nati iliyochakaa kidogo inageuka kuwa mviringo. Ya pembe sita inakumbatia ubavu. Kama pesa ni za kitu kimoja tu wiki hii, sijui, labda ningeanza na soketi.

Kutumia nako kuna adabu yake. Gari liwe chini, si juu ya jeki. Mkono wa pawa baa uelekee kushoto, uwe karibu kulala sawa na ardhi, ili nikisukuma chini nati ifunguke. Kichwa nakikunja pembe mraba na mkono. Mikono imenyooka, viganja viko wazi, naongeza uzito polepole. Sirukiruki. Wala siweki chuma cha kuongezea urefu kati ya soketi na kichwa kama si lazima, maana kinajipinda na kuinamisha soketi.

Jambo ambalo hakuna duka linaloliuza ni sikio. Mwezi wa Juni bolti ya chini ya shokamzoba iligoma, imeota kutu ya miaka. Fundi akainyunyizia mafuta ya kupenya jioni, akaiacha ilale. Asubuhi akaigonga nyundo mara kadhaa kichwani, kisha akaomba pawa baa yangu (yake ilikuwa kwa mtu), na akaanza kwa kukaza kidogo, si kufungua. Nikamwambia anaenda kinyume. "Namwamsha kwanza," akasema. Kutu ikapasuka kwa mlio mkavu, ndipo akageuza. Akanipa nishike nihisi: ikilia kriii na kusogea kwa shida, endelea, ukirudisha nyuma kidogo kila mara. Ikianza kulainika mkononi kama unakunja ufagio mbichi na haina mlio, acha mara moja. Hapo nati haifunguki, bolti inajinyonga. Nikakumbuka ile stadi ya Outer Ring. Ilikuwa imelainika hivyo kabla ya ta!, na sisi tukazidi kuegemea.

Kwa kukaza situmii pawa baa kabisa. Nakaza kwa ile spana fupi ya gari, na nikipita Kariobangi fundi anamalizia kwa toki renchi, spana inayopima nguvu ya kukaza, iliyowekwa 103. Nikienda kufungiwa tairi nasimama pale pale, na kijana akiinua bunduki namwambia, "Kijana wangu, anzisha kwa vidole, umalizie kwa mkono." Wengine wananuna. Mmoja aliniuliza kama mzee wangu ndiye amenituma.

Pawa baa inakaa nyuma ya kiti changu, imefungwa kwenye leso kuukuu isigonge trei. Risiti ya siku saba bado iko kwenye daftari la madeni, na kichwa cha akiba hakijatoka kwenye kikaratasi chake. Wiki jana nilimwazima dereva wa matatu aliyekwama Mutindwa. Alipoirudisha alikuwa ameshavisha paipu juu yake, ameificha upande wa pili wa gari akidhani sijaiona. Nilikaa pale kwenye usukani, taa ya ndani imewashwa, nikaukagua mraba kona kwa kona kabla ya kuondoka.